Ndoo ya Radi: Gilasi ya Bwana Idarus

Tukubaliane mapema tusije tukagombana katikati: siku ile mjinga alikuwa Idarus. Hakurogwa, hakusukumwa, wala hakupatwa na jicho la mtu. Ujinga wake aliutafuta mwenyewe tangu asubuhi, akaubeba mpaka nyumba ya watu, kisha akauwasha kwa umeme.

Wiki iliyopita tulimwacha amesimama kiwandani, ule uwanja wa ndani wa nyumba ya Bi Ruba hapa Amu, gilasi imemfika kidevuni. Wanawake kumi na mmoja wamejitanda leso, wamemzunguka kama wanaoangalia mbuzi wa kuchinjwa. Mbele yake iko mashine aliyoisumbukia miezi minne: ndoo nyeupe ya lita kumi, pampu ya hewa ya tangi la samaki, kibomba cha kioo chenye waya wa umeme mkali, na jiwe dogo la kutoa mapovu.

Yeye ameipa jina zuri, Takasa. Mji umelikataa. Mji waiita ndoo ya radi, kwa sababu ikifanya kazi hutoa harufu kali, ile ile inayobaki hewani radi ikishapiga. Harufu hiyo ni ya ozoni. Ozoni ikiingia majini huua vijidudu vinavyojificha kwenye majani na matunda. Ndivyo Idarus alivyowaeleza akina mama, na laiti angekomea hapo! Lakini ulimi wa fundi ukionja makofi haurudi ndani. Akaongeza:

"Nikimaliza kuosha, maji yake nitayanywa mimi mwenyewe mbele yenu."

Na aliyeyachota maji hayo ni Bi Ruba.

Kwa asiyemjua: Bi Ruba ndiye mpishi wa harusi kubwa kubwa. Chombo akikikubali leo, kesho kimo katika kila jiko la mji. Akikitupa, hata mama mzazi wa aliyekitengeneza hatakiokota. Lakini Bi Ruba naye ana donda. Mwezi uliopita alipika karamu moja, watu thelathini na wanane wakala kachumbari na wakaharisha siku tatu. Mmoja wao, Nasreen, mke wa Idarus, alilala hospitali siku kumi na moja. Tangu hapo Bi Ruba hajagusa jani bichi, na vijana wa barazani wamempachika jina ambalo mhariri wetu amelikataa.

Ijumaa hii ana harusi ya sahani mia nne. Mji mzima wangojea kuona kama atathubutu kuweka kachumbari.

"Kunywa," alisema Bi Ruba.

Idarus akaiangalia gilasi. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa chunguni. Juu pameelea kijinyasi. Ubavuni mwa gilasi amejibandika kiwavi wa kijani, amejikunja, hajulikani amekufa au amepumzika. Na katikati kuna kitu cha kahawia, chenye nyuzinyuzi, kikipanda na kushuka polepole kama kinachotafuta mlango.

Msomaji, kama una kitumbua mkononi, kiweke kando. Nimekwambia mapema.

"Bi Ruba," alijaribu Idarus, "hii ni rangi ya udongo tu."

"Sikukuuliza rangi. Mato ninayo, naiona."

"Mwanamume hula maneno yake," alidakia Bi Sundus, mama wa bibi harusi wa Ijumaa. Yeye peke yake alikuwa kitini, kwa kuwa hakai chini nyumba za watu, na mapajani alipakata sinia la asumini za kutungia vikuba, vile vishada vya maua, vya ngoma ya harusi ya usiku ule. "Huyu yeye hata kuyanywa hawezi."

Wakacheka. Nasreen, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, hakucheka.

"Baba Shukri," alimwita kwa jina la mtoto wao, "usinywe."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Mwanamume akiambiwa "usinywe" na mkewe mbele ya wanawake kumi na mmoja ana njia mbili, na zote zaelekea shimoni. Idarus akafumba macho, akasema bismillahi, akanywa.

Funda la kwanza lilishuka. Lilikuwa vuguvugu. Ladha yake ni ya zizi.

Funda la pili lilikuja na kiwavi.

Alimsikia kwa ulimi. Na kiwavi, wapenzi wasomaji, alikuwa amepumzika tu.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Idarus alishika shingo, akazunguka mara moja kutafuta mfereji wa maji machafu, akazunguka mara ya pili, na vyote alivyokuwa navyo, maji, kiwavi, na mkate wa mofa wa asubuhi, vikamtoka kwa nguvu juu ya sinia la asumini.

Bi Sundus alipiga ukelele uliowaamsha popo darini.

"Asumini zangu! Asumini za mwanangu! Yaallah, huyu kanitapikia harusi!"

Wengine walikimbilia ukutani wakiziba pua kwa leso. Mmoja akaanza kuziba pua akamalizia kwa kushika mdomo, naye akatoka mbio. Nasreen alileta maji kwa kata, akamwagia mumewe usoni, akamsugua midomo kwa pindo la leso yake bila kusema kitu. Mke akinyamaza hivyo, bora akutukane.

Bi Ruba peke yake hakusogea. Alikuwa ameinama kwenye ndoo, akikoroga kwa kijiti, uso ameukunja kama aliyeinusa dunia nzima.

"Majani haya umeyanunua kwa nani?"

"Kwa Hamdu," alijibu Idarus, akipumua kwa shida.

"Niitieni Hamdu."

Hamdu hakuwa mbali. Bustani yake iko nyuma ya banda la punda, hatua chache tu, na ukelele wa Bi Sundus ulikuwa umekwisha kumleta mpaka mlangoni. Alisimama nje dakani, ukumbi mdogo wa mlangoni, kwa heshima ya akina mama, miguu imejaa tope, akazungumza na ukuta.

"Hamdu," alisema Bi Ruba, "bwana huyu alikwambiaje asubuhi?"

"Aliniambia, Hamdu, nipe machafu kabisa. Yale ambayo wewe mwenyewe hungeyala."

Kiwanda kizima kikamgeukia Idarus.

"Nilitaka mwone nguvu ya mashine," alisema kwa sauti ndogo. "Ukisafisha kilicho safi umefanya nini?"

Mnaona? Si nilisema aliutafuta?

"Nawe ukampa," Bi Ruba aliendelea.

"Mteja ni mteja, Bi. Kuna tuta la kotimiri nililolimwagia samadi ya punda juzi. Mbichi bado, hata moshi haujaisha. Nikang'oa pale. Na saladi mafungu mawili yalinianguka njiani, punda wakayapitia. Hayo nikampa bure."

"Wakayapitia vipi?"

"Kupitia, Bi."

"Nakuuliza vipi!"

"Bi Ruba, nawe wawajua punda," alisema Hamdu kwa unyenyekevu. "Punda hapiti bure."

Idarus alikimbilia mferejini. Safari hii hakuwa na kitu cha kutoa, lakini tumbo lilijaribu.

Aliponyanyuka, macho mekundu, alifanya kosa la pili. Mtu mwingine angeaga, akaenda zake. Yeye akataka kushinda.

"Akina mama, nisikilizeni. Ni kweli ni machafu kwa macho. Lakini mashine imekwenda dakika kumi na tano. Vijidudu vyote vimekufa. Huo ni uchafu, sawa, lakini ni uchafu uliokufa. Hauna madhara!"

"Na mzoga nao umekufa," alisema Bi Ruba. "Wauandaa lini?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Bi Ruba akangoja wamalize.

"Wewe umesoma chuoni, kwa maalimu wa Kurani?"

"Nimesoma, Bi Ruba."

"Samadi ya punda ni nini?"

"Najisi."

"Ndoo yako yachukua maji kiasi gani?"

"Lita kumi."

"Na maji machache, yasiyofika kullatein, najisi ikiingia ndani yake?"

Kullatein, kile kipimo cha maji mengi tulichofundishwa sote tukiwa na meno ya utoto, maji ya pipa zima na ziada. Chini ya hapo, tone moja la najisi lashinda ndoo nzima, hata kama rangi haikubadilika. Na hapa rangi ilikuwa imebadilika, harufu imebadilika, na ladha tunaye shahidi.

"Yamenajisika," alikiri Idarus.

"Na mashine yako yachukua maji hayo hayo, yayazungusha, yayarudisha juu ya majani. Jani moja limekanyagwa na punda. Umeliosha? Hapana. Umewagawia wenzake. Ndoo imeingia na mafungu mawili ya mavi, imetoka na mafungu kumi na mawili. Hii si mashine ya kutakasa. Hii ni mashine ya sadaka."

"Nitatengeneza kubwa!" Idarus alidakia. "Ya pipa zima! Ifike kullatein!"

"Uiweke wapi? Juu ya kitanda cha bibi harusi?" aliuliza Bi Sundus, akiokota asumini moja iliyosalimika.

Lakini pigo lenyewe lilikuwa bado. Nasreen alikuwa amekwenda kwenye ndoo, ameinama, pua karibu na maji. Alikaa hapo kidogo. Kisha akainuka pole pole.

"Baba Shukri. Mbona leo haikunuka radi?"

"Nini?"

"Nyumbani ukiijaza maji matupu, jiko zima lanuka radi mpaka nakohoa. Leo pananuka punda tu."

Idarus alimsogeza kando. Akainama kwenye ndoo, akavuta pumzi. Punda. Akavuta tena. Punda, na udongo.

Kichwani mambo yakampangikia moja moja, na kila moja lilikuwa baya kuliko la kwanza. Ozoni haichagui. Haijui hiki ni kijidudu na hiki ni kinyesi. Hukivaa kila inachokutana nacho. Ndoo ikiwa na tope na samadi, ozoni yote huishia kwenye tope na samadi, isifike mbali. Majani hayo yalistahili kuoshwa kwanza. Yeye, kwa kutaka sifa, aliyatumbukiza kama yalivyo.

Maana yake vijidudu havikufa. Havikuguswa.

Maana yake hakunywa uchafu uliokufa. Alikunywa uchafu mzima, wenye afya yake.

"Yaani..." alisema, akishika tumbo.

"Yaani," alisema Nasreen, "leo ni Jumatatu. Kesho hutoki chooni."

Bi Ruba aliichukua ndoo kwa vidole viwili, akaimwaga mferejini, akaisukumia miguuni pa Idarus kwa ncha ya kiatu.

"Alhamisi alasiri," alisema. "Nina sahani mia nne na nataka kachumbari. Ukiniletea hii hii, nitaipandia nanaa. Na jambo moya nakwambia, ukalifikiri huko uendako. Maji ndiyo yaendayo kwenye najisi. Najisi haitumbukizwi majini. Shika ndia, nenda zako."

Msidhani alimwonea huruma. Bi Ruba hakuwa na huruma. Alikuwa na harusi.

*

Nasreen alisema kweli. Jumanne Idarus aliishi chooni.

Sitawaeleza yote. Mnakula, mna watoto, mna heshima zenu. Niseme tu kwamba kufikia adhuhuri alikuwa ameyajua mawe ya ukuta wa choo moja moja, na kuna mjusi aliyeanza kumzoea. Alichukia kotimiri. Alimchukia Hamdu. Aliwachukia punda wote wa Amu, na Pate, na hata wale ambao hawajazaliwa. Harufu ya zizi ilikuwa bado imo puani na haikutoka hata kwa udi.

"Nikuletee uji?" aliuliza Nasreen nje ya mlango.

"Usinitajie kitu kinachomezwa."

"Wataka nini basi?"

"Nataka kufa kwa utulivu."

"Huwezi kufa. Alhamisi una kazi."

Akaijaza kutoka nje birika ndogo ya chooni, kile kijitangi cha mawe cha kuwekea maji, na kwenda zake. Idarus akakishika kile kifuu cha kuchotea, kata, kwa mara ya kumi na tisa siku ile. Akachota. Akajimwagia. Maji yakashuka, yakachukua kilichochukuliwa, yakaingia shimoni, hayakurudi.

Akachota tena. Akasimamisha mkono hewani.

Akaiangalia kata. Akaiangalia birika.

Tangu aumbwe, katika mji huu, hajaona mtu anayejitahirisha kwa kukaa ndani ya birika. Hata mtoto wa miaka mitatu akifanya hivyo huchapwa. Maji yako juu, yako safi. Yachotwa, yamwagwa, yapita, yaenda. Birika haigusi uchafu, na uchafu haujui hata birika iko wapi. Watu wa Amu wafanya hivyo kila siku, mara tano na zaidi. Yeye, fundi, msomi wa mashine, alikuwa ameyachukua majani na kuyakalisha ndani ya birika!

"Nasreen!" alipiga kelele. "Nasreen, njoo!"

Nasreen alikuja mbio, akidhani roho yatoka.

"Nimepata!"

"Umepata nini tena, masikini?"

"Niletee kalamu! Na karatasi!"

"Huko chooni? Subhanallah, toka kwanza, ukoge!"

Jumatano alitoka, mwepesi kama karatasi, macho yameingia ndani. Akavunja kila kitu. Ndoo ya ozoni akaipandisha juu ya kibao, ndani yake maji safi tu, hakuna jani. Chini ya ndoo akatoboa, akatia mfereji mdogo, bomba la kufungua na kufunga. Chini ya mfereji akaweka chujio pana la kukalia majani. Na chini ya chujio mdomo wa kupeleka maji machafu nje, yasirudi ng'o. Kwanza majani yamwagiwe maji ya kawaida mpaka udongo uishe. Kisha ndipo ifunguliwe ozoni, iyakute yako matupu.

Akawasha. Mapovu yakatoka machache, dhaifu, kama mzee anayepiga mbinja.

"Mbona yavuja?" aliuliza Nasreen, ameshika ule mpira mwembamba unaoleta hewa kwenye ndoo.

Idarus aliupinda. Mpira ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku kiangazi chote. Ozoni, aliyoisifu kwa miezi minne kuwa yala kila kitu, ilikuwa yaula mpira wake mwenyewe tangu mwanzo. Nusu ya radi yake ilikuwa yatorokea ukutani.

"Kwa hiyo hata ungeyaosha majani," alisema Nasreen polepole, "bado ungelikunywa mavi."

"Asante, mke wangu."

"Nasema tu."

Akautoa, akatia mpira mweupe wa silikoni alioung'oa kwenye mashine ya kahawa iliyokufa dukani kwake. Akaweka kifuniko juu ya ndoo, kwa sababu radi ikizidi yakereketa kifua. Akawasha tena.

Jiko likanuka mvua ya kwanza ya masika. Nasreen akakohoa.

Idarus alikaribia kulia.

*

Alhamisi alasiri kiwanda cha Bi Ruba kilijaa kuliko Jumatatu. Watu wa Amu hawakosi kuja kumwona mtu akitapika mara ya pili. Bi Sundus alikuwa kitini kama kawaida, lakini safari hii asumini ameziacha nyumbani.

Bi Ruba hakusalimiana sana. Aliita, na Hamdu akapenyeza mkono mlangoni na mafungu ya kotimiri na saladi.

"Tuta lile lile," alisema Bi Ruba. "Nimemwambia asichague."

Harufu ilifika kabla ya mafungu. Kwenye mizizi kulikuwa na madonge, na kwenye madonge kulikuwa na uhai. Idarus akahisi mate yamjaa mdomoni, yale ya chumvi, yanayotangulia kutapika. Akameza. Akayapanga majani kwenye chujio, akifungua kila kishina kwa vidole, na kila donge lililomgusa mkono lilimpandisha ngozi mpaka shingoni.

Maji ya kwanza yakapita. Yakatoka meusi, na vijinyasi, na funza wawili waliokwenda zao bila kuaga. Wanawake wakasema "Ah! Ah!" na kurudi nyuma. Maji ya pili, ya kahawia. Ya tatu, ya manjano. Ya nne, unaona vidole vyako.

Ndipo akafungua mfereji wa radi.

Harufu ikapanda, kali, safi, ikalisukuma lile zizi nje ya kiwanda kama mtu anayefukuza kuku. Bi Ruba akainua pua. Maji yakashuka juu ya majani, yakapita, yakatoka chini. Akakinga gilasi. Akainyanyua kwenye mwanga.

Meupe.

"Utakunywa?" alimwuliza Idarus.

Bi Sundus akasogeza kiti chake nyuma.

"Hapana," alisema Idarus.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni maji ya kuoshea, Bi Ruba. Hayanywewi. Na sitakudanganya kuwa yameua kila kijidudu. Yameua vingi, na uchafu umekwenda nayo. Zaidi ya hapo nitakuwa naongeza."

Bi Ruba aliishusha gilasi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu karamu ile, kona ya mdomo wake ikasogea.

"Sasa waanza kuwa fundi," alisema. Akachukua kishina cha kotimiri, akakinusa, akakipindua. "Nani atakionja?"

Hakuna aliyesogea. Wote wamekumbuka kiwavi.

Nasreen akanyoosha mkono.

Idarus alishtuka. Mkewe tangu atoke hospitali hajatia jani bichi kinywani. Kotimiri ikikatwa nyumba ya jirani, yeye hufunga dirisha. Alimwona akikishika kile kishina, uso umekuwa wa kijivu.

"Nasreen, si lazima iwe wewe."

"Nyamaza, Baba Shukri. Wewe uchafu wako ulikunywa."

Akakitia mdomoni. Akatafuna. Koo lake likagoma mara moja, mkono ukaenda tumboni, na Idarus akawa tayari amekwisha kuitafuta kata kwa macho. Kisha koo likakubali. Akameza.

"Lina ladha gani?" aliuliza Bi Ruba.

Nasreen akafikiri.

"Ya kotimiri," alisema. Akajifuta macho kwa leso. "Basi. Ya kotimiri."

Bi Ruba akakunja mikono ya buibui yake.

"Idarus, kesho alfajiri uwe hapa na mashine yako. Mafungu mia na ishirini."

Idarus akapiga hesabu, na furaha ikamganda usoni. Fungu moja, dakika ishirini. Mafungu mia na ishirini. Hata angeanza sasa hivi, wageni wangekuwa wameshakula, wamekoga na wamelala. Na ndoo ni moja! Alitaka kusema, lakini Bi Sundus alikuwa ameshasimama, na Bi Sundus akisimama hakuna mwingine anayesema.

"Harusi ya nani?" aliuliza. "Nauliza, kesho ni harusi ya nani?"

"Ya mwanao, Bi Sundus."

"Basi mashine hiyo haiingii! Waume wa watu watakaa mkekani, wataambiwa kachumbari hii imeoshwa na yule aliyekunywa mavi ya punda? Mwanangu aitwe bibi harusi wa samadi? Hapana!"

"Bi Sundus, umeyaona maji yalivyotoka," alisema Nasreen.

"Nimeyaona, na usingizi sitaupata. Mambo mengine hayatakiwi kuonwa! Mimi nina miaka hamsini na sita. Mamangu alipangusa jani kwa leso akala. Bibi yangu hakulipangusa kabisa. Waliishi, wakazaa, wakazika waume zao. Hizi radi zenu, hizi ozoni, ni maradhi ya watu wasiokuwa na kazi. Jani la Mungu limeumbwa liliwe, halikuumbwa litiwe umeme!"

Wanawake wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Idarus aliliona hilo, akaona miezi minne yake yateremka mferejini pamoja na wale funza. Akageuka kumtazama Bi Ruba.

Bi Ruba alikuwa akinawa mikono. Hakuharakisha. Alinawa kidole kimoja kimoja, akakung'uta maji, akajipangusa.

"Kwa hiyo wewe, Bi Sundus, wataka kachumbari yako kama ya mamako."

"Kama ya mamangu! Bila radi!"

"Na ndiyo neno lako la mwisho."

"La mwisho. Mbele ya wote hawa."

Bi Ruba aligeukia mlango wa dakani.

"Hamdu! Kesho ya wageni yote yaje kwa Idarus, na Bi Sundus mng'olee fungu lake peke yake, kutoka lile tuta la samadi. Usilikung'ute."